Gharama ya Tahadhari

Kuna tahadhari ambayo mtu huilipia kila siku bila kujua kwamba analipa. Mimi niliilipia kwa miezi kumi na minne, tone kwa tone, na yule aliyenichukulia tahadhari hiyo alikuwa ananitakia mema. Hakuniibia. Wala hakunidanganya, ikiwa kudanganya maana yake ni kusema uongo, kwa sababu hakusema neno lolote. Swali lililonikaa moyoni tangu wakati huo ni hili: mtu akikukinga na hatari bila kukuambia bei ya kinga hiyo, je, amekutendea wema?

Msomaji asidhani nataka kumpeleka kwenye mambo mazito ya wanafalsafa. Habari yenyewe inahusu kidude kimoja cha ndani ya injini ya gari, kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Kinaitwa themostati.

Nilistaafu ualimu mwaka 2021, na kwa sehemu ya kiinua mgongo nikafanya jambo ambalo wastaafu wenzangu bado wanalicheka. Badala ya kununua mashine ya kusaga au ng'ombe wa maziwa, nilinunua Subaru Forester ya mwaka 2000, yenye tabo, kutoka kwa kijana mmoja wa Dar es Salaam ambaye alikuwa ameichezea kwa muda mrefu. Alikuwa ametoa ekzosi ya kiwandani na kuweka nyingine pana kama bomba la maji taka. Alikuwa ameongeza msukumo wa tabo, ameweka intakula kubwa zaidi ya kupoza hewa, na kontrol boksi, yaani ile kompyuta inayopanga mafuta na moto wa plagi, ilikuwa imeandikwa upya. Kwenye dashibodi kulikuwa na geji tatu za nyongeza, moja ya tabo, moja ya oili, na moja ya joto la maji ambayo haikufanya kazi. Mke wangu alilizunguka gari lile mara moja, akasema nimenunua gari la wanafunzi wangu. Sikuwa na jibu. Nimepanda baiskeli miaka kumi na moja na mabasi miaka ishirini, na nilitaka, kabla sijafa, kukanyaga mafuta nione kitu kinatokea.

Kabla ya kulipandisha Njombe, nilimpelekea fundi mmoja huko huko Dar es Salaam alikague. Alikaa nalo siku mbili. Alibadilisha mikanda na oili, akasafisha plagi, akanirudishia ufunguo kwa maneno ambayo nayakumbuka vizuri: "Mzee, nenda na amani. Hii gari haitakuchemshia."

Na kweli halikuchemsha. Nilipanda mlima Kitonga nyuma ya malori, jua la saa nane kichwani, na mshale wa joto haukufika hata katikati. Nikamwombea fundi yule dua njema.

Mimi ni mtu wa daftari. Tangu gari langu la kwanza huwa naandika kila lita ninayotia na kila kilomita ninayokwenda. Daftari likaanza kuniambia jambo ambalo sikulipenda. Gari lile lilikuwa linakwenda kilomita 6.9 kwa lita moja, barabara kuu, bila mbio. Wenye magari ya aina hiyo waliniambia kwamba hata likiwa na tabo lingepaswa kunipa nane au tisa. Nikabadilisha plagi. Nikanunua chujio jipya la hewa. Nikaulaumu mguu wangu, kisha nikailaumu tabo, na mwaka 2022 bei ya petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita nikaungana na Watanzania wengine kuilaumu dunia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nilisubiri bei mpya za EWURA kama mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara.

Dalili zilikuwepo, ila zilikuwa za upole. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa na harufu ya petroli. Na hita ya gari, ambayo kwa sisi tunaoishi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari si anasa, ilikuwa inapuliza hewa vuguvugu kama pumzi ya mtu aliyechoka. Asubuhi za Juni na Julai mke wangu alikuwa anajifunika khanga mbili ndani ya gari lenye hita. Nilimwambia ni gari la zamani. Mtu akishaamua kwamba anajua sababu, hata baridi ya mkewe haimfikirishi.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Makambako, mtu asiye na kompyuta wala kibao cha jina. Nilimpelekea gari kwa sababu nyingine kabisa, breki. Baada ya salamu, "Kamwene, Mwalimu," akaniomba niwashe injini, akaweka mkono juu ya mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Akasubiri dakika mbili hivi. Akauliza, "Mbona mpira unapata joto mapema hivi? Maji yanakwenda kutembea kabla nyumba haijapata moto." Akafungua vifuniko na mipira, akaingiza kidole mahali ambapo themostati hukaa, akanionyesha kidole kile kikiwa kitupu. Hapakuwa na kitu. Fundi wa Dar es Salaam alikuwa amekitoa.

Inafaa nieleze kidogo kazi ya kidude hiki, kwa sababu wengi tumeambiwa kwamba ni kizuizi, kitu cha nchi za theluji kisichotuhusu sisi watu wa jua. Ndani yake kuna kikombe kidogo cha shaba chenye nta. Nta ikiwa baridi imeganda, na mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kupita kwenye rejeta. Maji yakifikia joto lililopangwa, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango unafunguka. Kwa gari langu mlango huanza kufunguka kwenye nyuzi 78 hivi za sentigredi na kuwa wazi kabisa kwenye 91. Hakuna waya wala umeme. Ni nta tu, inayoyeyuka na kuganda mara maelfu bila kumwambia mtu.

Na kwa nini injini inataka joto? Hapo ndipo palipolala fedha zangu. Oili baridi ni nzito, na kuizungusha ni kazi inayolipiwa mafuta. Petroli baridi haigeuki mvuke vizuri. Sehemu yake hubaki matone, hupaka kuta za silinda, huosha oili na kuteremka chini, na ndiyo ile harufu niliyokuwa nainusa kwenye kijiti. Lakini kubwa zaidi ni kontrol boksi. Ina sensa ndani ya maji, na sensa ikisema maji bado ni baridi, kompyuta huamini kwamba injini ndiyo kwanza imeamka, hivyo huongeza mafuta. Injini iliyokwisha kupata moto na inayokwenda kwa utulivu huhitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Yangu ilikuwa inapewa zaidi ya haki yake, kuteremka na kupanda, mwezi hadi mwezi, kwa sababu katika baridi ya Njombe na bila mlango wa kuyazuia maji, kila mara ilionekana kwamba ndiyo kwanza imeamka. Nilikuwa naendesha gari ambalo asubuhi yake haikwisha.

Nilimpigia simu fundi wa Dar es Salaam. Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilitarajia akane, au aseme ni kijana aliyeniuzia. Hakukana. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeelezea jambo la wazi: "Mzee wangu, hizi ni gari za mtumba na zimechezewa. Tabo imeongezwa, joto limeongezeka, rejeta ni ile ile. Ikichemsha, hedi inapinda, na wewe utakuja kunililia mimi. Ikila mafuta, utailalamikia serikali."

Nilikata simu nikacheka, kisha sikucheka tena. Kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu. Ndivyo nilivyofanya kwa miezi kumi na minne.

Hebu tulitazame jambo hili kwa haki. Mbele ya fundi kulikuwa na madhara ya namna mbili. La kwanza ni la ghafla, lina mvuke na kelele, linatokea barabarani mbele ya watu, na lina mwenyewe: atatafutwa fundi aliyeligusa gari mwisho. La pili linakwenda kimya, limegawanywa katika vijisehemu vidogo kiasi kwamba hakuna siku hata moja ambayo linafikia kuitwa hasara, na halina mwenyewe. Mtu mwenye akili, anayetafuta riziki kwa jina lake, atachagua lipi? Atachagua lile lisilomrudia. Na atalala usingizi, kwa kuwa ameepusha ajali. Sisemi kwamba alihesabu hivyo kwa hila. Nadhani alinionea huruma kwa dhati. Ila huruma yake ilikuwa imeegemea upande ambao ulimfaa na yeye.

Nisingemwandika fundi huyu kama nisingejiona ndani yake. Zamani, nikiwa mkuu wa shule moja ya sekondari, mwanafunzi aliungua mkono kwa asidi wakati wa jaribio la kemia. Hakuwa na kovu kubwa, namshukuru Mungu. Lakini kuanzia juma lile niliagiza kwamba wanafunzi wasiguse kemikali. Mwalimu afanye jaribio mbele, wao watazame. Agizo lile lilidumu miaka sita. Hakuna aliyeungua tena, na katika hotuba ya mahafali niliwahi kulitaja kwa fahari. Hakuna mzazi hata mmoja aliyekuja ofisini kulalamika kwamba mwanawe hakuungua lakini pia hakujifunza kupima. Wangapi waliikosa kemia kwa sababu ya agizo langu? Sina daftari la jambo hilo. Mafuta ya gari huandikwa. Udadisi wa mtoto unaopoa polepole haumwagiki mahali popote ambapo mtu anaweza kuuona.

Basi ikaja zamu yangu ya kuchagua. Kumbe themostati haziko za aina moja. Kuna ile ya kiwandani ya nyuzi 78, na kuna zile ambazo vijana wa magari ya mbio wanazipenda, zinazofunguka kwenye nyuzi 68 au 71. Kijana aliyeniuzia gari alinishauri kwa moyo wote niweke ya 68. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Tabo inapobana hewa, hewa hupata joto. Ukiongeza msukumo, joto ndani ya silinda linapanda mpaka mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Mafundi wanasema injini inagonga. Mgongo huo huvunja pistoni. Kuta za silinda zikiwa na baridi kidogo, hatari hiyo nayo inasogea nyuma kidogo. Kwa mtu anayelikamua gari lake kila Jumamosi kwenye joto la pwani, na ambaye kontrol boksi yake imeandikwa kwa kuzingatia hilo, ya 68 ina maana.

Lakini nilipokaa na fundi wa Makambako tukalitafakari, aliniuliza swali ambalo nimekuja kulipenda kuliko majibu mengi niliyowahi kupewa. "Mwalimu, ukiwa katikati ya Kitonga, mlango umeshafunguka wote. Wa 68 uko wazi, wa 78 uko wazi. Sasa hapo nani anapoza?" Jibu ni rejeta, feni na upepo. Mlango ukishakuwa wazi kabisa, haujali uliandikwa namba gani. Themostati haipangi injini ipande joto hadi wapi. Inapanga tu isipoe chini ya wapi. Yule anayeogopa kuchemsha akashusha namba ya themostati amekwenda kurekebisha sakafu ya nyumba huku paa ndilo linalovuja. Anajipatia dakika chache tu, kwa kuwa ameanza mlima akiwa na baridi zaidi, na mlima ukiwa mrefu dakika hizo zinakwisha. Zipo hata injini ambazo kutoa themostati kabisa huzizidishia joto, kwa sababu kidude kile pia huziba njia ya mkato ya maji. Kikiondoka, sehemu ya maji hurudi ndani bila kupita kwenye rejeta.

Nikachagua ya 78. Kabla ya kuifunga niliichemsha jikoni, ndani ya sufuria ya ugali, nikiwa na kipimajoto, huku mama watoto akiuliza kama hicho ndicho chakula cha jioni. Ilianza kufunguka palepale inapostahili. Nikaitazama mpaka maji yalipochemka, ambayo hapa kwetu juu hutokea kwenye nyuzi 93 hivi, na mlango ulikuwa umekaa wazi kama mdomo wa kinda. Nikaunga tena waya wa ile geji iliyokufa. Juma lile hita ya gari ilipuliza moto mpaka mke wangu akashusha kioo.

Sasa nafika mahali ambapo si pazuri kwangu.

Daftari lilipanda hadi kilomita 8.4 kwa lita. Kwa kila kilomita mia, nilikuwa nimepunguza zaidi ya lita mbili na nusu. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani, na nikampigia mdogo wangu, ambaye anaishi Dar es Salaam na ana gari la aina ile ile lililochezewa namna ile ile, na ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimempeleka kwa fundi yule yule. Nikamsomea tarakimu. Nikamwambia, "Umeibiwa, rudisha themostati kesho." Yeye ni mtu anayeniamini tangu utotoni, mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.

Lakini tarakimu ile ya 8.4 ilitoka kwenye matangi matatu ya kwanza, na katika matangi hayo niliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Geji ya tabo haikunyanyuka. Sikukusudia kudanganya; nilitaka tu kidude kile kifaulu, kwa kuwa nilikuwa nimekitetea, na mguu ulinisaidia bila kuniuliza. Tena ulikuwa mwezi wa Oktoba, baridi imeondoka. Nilipoanza kuendesha kama kawaida yangu, daftari liliteremka likatulia kwenye 7.6. Faida iliyobaki ni lita moja na nukta tatu kwa kilomita mia, nusu ya ile niliyoitangaza, na hata hiyo siwezi kuapa ni kiasi gani cha themostati na kiasi gani cha jua. Nilijua hayo kufikia Desemba. Sikumpigia mdogo wangu. Nilijiambia kwamba faida ni faida.

Januari mwaka 2023, karibu na Chalinze, foleni ya malori, saa saba mchana, gari lake lilichemsha. Hakuona mapema, kwa kuwa mshale wa dashibodi katika magari mengi umepangwa utulie katikati kwa muda mrefu na kupanda ghafla mwishoni. Hedi ilipinda, gasketi ikaungua, na matengenezo yalifika karibu shilingi milioni moja na laki nane. Rejeta yake ilipofunguliwa ilikutwa imeziba kwa kutu karibu nusu nzima. Alikuwa ametia maji ya bomba miaka yote.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu yule fundi. Alipolitoa lile dude kwenye gari la mdogo wangu, inawezekana kabisa alikuwa ameona rejeta ile. Labda alijua haina uwezo, akajua pia kwamba mwenye gari hana fedha ya rejeta mpya mwezi ule, akampa nafuu aliyoweza kumpa. Kwenye gari langu, lenye rejeta nzima na linalokwenda kuishi kwenye baridi, tendo lile lilikuwa hasara. Kwenye gari la ndugu yangu lilikuwa gongo la kiwete. Na kwa kuwa sote wawili hatukuambiwa chochote, mimi nilipoiona hasara yangu nilidhani nimeuona ukweli wa magari yote, nikalipiga teke gongo la mwenzangu.

Nimejiuliza mara nyingi nani mwenye kosa. Fundi alinyamaza. Mimi nilisema sana, na nilichosema kilikuwa nusu kipimo na nusu mguu. Ukinibana nitasema kosa langu ni kubwa zaidi, kwa sababu kimya cha fundi kilimkinga yeye na sisi pia kwa kiasi fulani, ila kelele zangu zilinifaa mimi peke yangu. Zilinipa raha ya kuwa mtu aliyegundua. Na bado sikubali kwamba kimya kile kilikuwa sawa. Angesema sentensi moja tu, "nimetoa themostati kwa sababu rejeta imechoka, mafuta utatumia zaidi mpaka uibadilishe," angekuwa amenipa mimi neno la kufikiria na amempa mdogo wangu muda wa kutafuta fedha. Sentensi hiyo haikuwa na gharama kwake, isipokuwa kwamba mteja mwenye habari kamili anaweza kukataa, na fundi anayekubali kukataliwa ni adimu kama mkuu wa shule wa namna hiyo.

Nililipa nusu ya matengenezo. Mdogo wangu alikataa mwanzoni, kisha akapokea kwa masharti kwamba nisimwambie mkewe kiasi. Hakunilaumu hata kwa mzaha. Alisema, "Kaka, ulisema kweli, ila rejeta yangu ndiyo mbovu," na maneno hayo yaliniuma kuliko tusi, maana yeye alikuwa bado anaamini ile 8.4.

Juma lililofuata alinipigia tena. Amenunua rejeta mpya, ameosha njia zote za maji, ametia kulanti badala ya maji ya bomba, na fundi anamsubiri na themostati mbili mezani. Aweke ya nyuzi ngapi? Nilimwuliza anaendesha wapi zaidi, na kwa mwendo gani. Nikamwuliza kama aliyeandika kontrol boksi yake alimwambia alitarajia joto gani. Hajui, atauliza. Kisha nikamwomba asubiri kwenye simu, nikaenda kabatini kuchukua daftari, nikamsomea tarakimu zote tangu Juni 2021, tangi kwa tangi, pamoja na yale matatu ya mayai. Nilimwambia yalikuwaje.

Alinyamaza kidogo, nikasikia kelele za gereji nyuma yake, mtu anapiga chuma.

"Kumbe," akasema, "ulikuwa unaendesha kama mama mkwe yumo ndani."